Nilivuma nikiwa na miaka 19, sasa naambiwa niuze kiwanja ili nirudi kwenye gemu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 37, nina mke na watoto wawili, naishi Mbagala. Jina langu la usanii naomba usilitoe, maana wasomaji wako waliokuwa sekondari mwaka 2007 wakilisikia watanijua hapo hapo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na matokeo mabaya. Nikaingia studio moja ya uchochoroni Sinza pamoja na rafiki yangu niliyesoma naye. Mistari niliandika mimi. Kiitikio tulitunga wote, na kusema kweli yeye ndiye aliyekianza, tukiwa tumekaa nje tunasubiri zamu yetu ya kurekodi. Wimbo ukatoka, na baada ya muda mfupi ulikuwa kwenye kila redio, kila daladala na kila harusi. Nikazunguka mikoani kwenye shoo, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwenda Mwanza. Msambazaji mmoja wa Kariakoo alinunua albamu yangu kwa mkupuo. Alinipa fedha taslimu kwenye mfuko wa rambo, akaniwekea karatasi mbele, nikasaini bila kusoma. Nikanunua gari, nikapanga nyumba Kinondoni, na kila jioni sebuleni kwangu hawakukosekana watu wa kula.

Albamu ya pili haikwenda. Ya tatu haikutoka kabisa. Kufikia mwaka 2011 simu ilikuwa haiiti tena. Gari nikauza, nyumba nikahama, wale watu wa sebuleni sikuwaona tena. Namshukuru Mungu sikuingia kwenye unga kama baadhi ya wenzangu. Leo ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtu, hapa Rangi Tatu. Nikipanda daladala nashusha kofia hadi kwenye nyusi. Juzi mtoto wangu wa darasa la tano alirudi nyumbani analia. Wenzake wamemwambia, kama baba yako alikuwa staa, mbona mnapanda daladala?

Lililonifanya nikuandikie ni harusi ya upande wa mke wangu. MC alijua nipo akanitaja, DJ akauweka ule wimbo. Beti la kwanza nilijitahidi. Kufika pale juu kwenye kiitikio sauti ikakatika. Nikawageuzia watu maiki, wakaimba wao: kiitikio, beti la pili lote, na kiitikio tena. Mimi nimesimama tu. Mzee mmoja akainuka akaja kunitunza shilingi 10,000. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya hapo akajitokeza bwana mmoja anayesema ni meneja wa wasanii. Anataka milioni 14: milioni 6 za kolabo na msanii anayetamba sasa hivi, milioni 4 za video, na milioni 4 za promo redioni na mitandaoni. Anasema nikipitisha mwisho wa mwezi nafasi anapewa mwingine. Fedha sina, ila nina kiwanja Chanika, kitu pekee kilichobaki kutoka enzi zile. Mke wangu amesema nikikiuza anarudi kwao Korogwe. Anasema muziki ulishanikataa. Mimi bado naandika, usiku wakishalala, na moyoni najua bado ninacho.

Halafu wimbo wangu uko YouTube kwenye chaneli za watu nisiowajua, umetazamwa mara nyingi mno, na sijawahi kupata hata senti. Yule rafiki yangu ni mwalimu Singida siku hizi. Hatujaongea miaka mingi.

Nifanyeje, Shangazi?

Aliyevuma, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo ulioubeba peke yako muda wote huo.

Kiwanja usiuze. Naanza na hilo kwa sababu huyo bwana amekuwekea tarehe, na mengine yote yanaweza kusubiri. Tazama anachokuuzia: beti moja la msanii mwingine, video, na kupigwa redioni mpaka fedha ikate. Hapo hakuna kitakachobaki mkononi mwako. Anayetamba ataimba sehemu yake, atachukua chake, kisha atarudi kusukuma nyimbo zake mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi yake, simlaumu. Hizo milioni 4 za promo ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu hazina risiti. Wimbo ukigoma kwenda utaambiwa fedha ilikuwa ndogo, uongeze. Mdai mkataba wa maandishi: nani atamiliki wimbo, mapato ya mtandaoni yataingia kwa nani, na fedha yako itarudije kolabo isipofanyika. Asipotaka kuandika, achana naye, na kabla ya hapo usimpe hata shilingi ya kushikia nafasi.

Kuna atakayekushauri ukakope Mfuko wa Utamaduni na Sanaa badala ya kuuza ardhi. Ule mfuko unakopesha wasanii kweli, na mkopo wa vyombo vitakavyofanya kazi kila Jumamosi ningeuelewa. Mkopo wa kumlipa mtu aimbe beti kwenye wimbo wako siuelewi. Video itasahaulika, na marejesho yataendelea kudaiwa kila mwezi.

Sasa turudi kwenye ile harusi, maana umeisimulia kama siku ya aibu na mimi nimeisoma tofauti kabisa. Ukumbi umeimba beti la pili la wimbo wa mwaka 2007 bila kuandikiwa maneno popote. Kiitikio mtu anaweza kukidaka njiani tu, lakini beti la pili hulijua yule aliyeupenda wimbo, aliyeurudisha nyuma kwenye kanda akausikiliza tena. Ni wangapi kati ya waliovuma juzijuzi wanaoweza kunyamaza stejini na ukumbi ukawamalizia wimbo? Na yule mzee, baba, sidhani kama alikuonea huruma. Kwetu mtu hutunza kilichomgusa. Angekuhurumia angebaki kwenye kiti chake na kutazama pembeni.

Na jiulize, hao walioimba ni akina nani. Aliyekuwa kidato cha tatu mwaka 2007 leo ana miaka 34 au 35. Ndiye katibu wa kamati ya harusi. Ndiye anayepanga sherehe ya ofisi ya mwisho wa mwaka, ndiye anayewakusanya wenzake waliosoma darasa moja wakutane wale, wacheze na kukumbushana ya shule. Kikao kinakaa, mtu anauliza, burudani tumlete nani? Ana bajeti mkononi, na ana kumbukumbu ya wimbo wako. Huyo ndiye mteja wako, na meneja wa milioni 14 hana habari naye. Yeye anataka kukupeleka kwa watoto wa miaka 16, ambao wana wasanii wa rika lao na wana haki ya kuwapenda.

Kuhusu sauti, usiizike bado. Ulirekodi ukiwa na miaka 19, na koo la kijana wa umri ule si koo la baba wa miaka 37 aliyekaa miaka mingi bila mazoezi. Tena studio mstari unarudiwa hadi ukae vizuri, na shoo nyingi za enzi zenu zilipigwa juu ya sidii, sauti ya studio ikimfunika mwimbaji nyuma. Kuuimba wimbo mzima kwa mapafu yako mwenyewe ni ufundi mwingine, na nadhani hukupata nafasi ya kujifunza. Dawa ya kwanza ni rahisi: mpiga gitaa akushushie ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unapigiwa. Wimbo ukishuka hatua mbili au tatu, pale juu panapokukatia sauti patakuwa mahali unapofika bila kukaza shingo. Waimbaji wakubwa hushusha ki kadiri umri unavyokwenda, na wasikilizaji wengi hata hawagundui. Dawa ya pili ni pumzi. Walimu wa kwaya hapo Mbagala hawakosekani, na mwalimu mzuri wa kwaya anajua kufundisha pumzi kuliko maprodyuza wengi. Mfuate mmoja, mlipe kidogo, uimbe kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Ukitaka shule yenyewe, iko TaSUBa Bagamoyo, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, pale Mji Mkongwe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona kizazi chenu kilinyimwa kitu. Msondo Ngoma walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Sikinde, yaani Mlimani Park, walianza mwaka 1978 na baadaye wakalelewa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwanamuziki wa dansi wa enzi zile alikuwa na vyombo asivyonunua yeye, alikuwa na wenzake, na alikuwa na ukumbi wa kupiga wiki hadi wiki. Wimbo wake mmoja ukidoda, Jumamosi bado alipanda jukwaani, bado koo lilifanya kazi, bado kulikuwa na chochote cha kupeleka nyumbani. Sitasema walitajirika, wengi walizeeka kwa shida. Lakini walizeeka wakiimba. Nyinyi mlikuja na kompyuta, prodyuza na redio. Mkapata majina makubwa kwa muda mfupi sana, na kazi yote ikategemea wimbo uvume. Uliponyamaza wimbo na kazi ikanyamaza, mtu akabaki na jina bila mahali pa kulitumia. Kwa hiyo mke wako anaposema muziki ulikukataa, namwelewa, ila mimi naona ulikosa mahali pa kuufanyia kazi baada ya redio kuchoka na wimbo mmoja.

Tazama Lady Jaydee. Mapema kabisa alikuwa na bendi yake, Machozi Band, akiimba laivu pale Nyumbani Lounge. Alipotoka tena na Ndi Ndi Ndi mwaka 2016 ilikuwa sauti iliyozoea kazi. Watazame Wana Njenje, Kilimanjaro Band, waliopiga kwenye harusi na mahoteli ya Dar es Salaam miaka nenda rudi bila kusubiri chati yoyote.

Basi tafuta wawili au watatu: gitaa, kinanda, na mtu wa ngoma. Jioni mbili kwa wiki mnafanya mazoezi. Wimbo wako uwe mmoja kati ya ishirini. Nyingine ziwe za rika lako ambazo watu wanazitamani na zilipendwa kidogo kwa ajili ya wazee, kisha katikati unachomeka zile unazoandika usiku. Utajua wimbo mpya umekaa pale wahudumu wanapogawa chakula na watu bado wanageuza shingo kutazama jukwaa. Mwanzo mtalipwa kidogo, pengine nauli na chakula na laki moja ya kugawana. Duka usiache. Mkishakaa vizuri na nyimbo zenu wenyewe, peleka maombi Sauti za Busara, lile tamasha la Februari Unguja, maana wao wanachukua wanaopiga laivu tu na hawakuulizi ulivuma mwaka gani.

Utaniuliza, mbona fulani alirudi kwa kishindo? AliKiba alivuma na Cinderella miaka ileile yako, akakaa kimya kwa muda, mwaka 2014 akarudi na Mwana, na nchi nzima ikageuka. Lakini sikiliza nyimbo hizo mbili ukiwa umetulia. Mwana si Cinderella ya pili. Ni mtu mzima anaimba. Na Saida Karoli wa Kagera, aliyeitikisa nchi kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, alirudi midomoni mwa watu mwaka 2016 pale Diamond Platnumz na Rayvanny walipoujenga upya wimbo wake na kuuita Salome. Mwaka uliofuata akatoa Orugambo. Kilichomfungulia mlango ni wimbo wake wa zamani. Kwa hiyo wa kwako nao tuuangalie kama mali, na mali ina karatasi.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, wimbo ni wa mtunzi tangu unapotungwa. Usajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, haukupi uhai wa haki hiyo, unakupa ushahidi, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo. Wewe ulisaini kitu. Itafute ile karatasi kwa udi na uvumba, na ukiipata mpelekee wakili au uende nayo COSOTA isomwe mstari kwa mstari. Wasambazaji wa wakati ule wengi walikuwa wanatafuta haki ya kudurufu na kuuza kanda na sidii. Kama ndivyo ilivyoandikwa, basi kuuza kanda ni jambo moja na utunzi wako ni jambo jingine. Kama imeandikwa umeuza kila kitu, nalo ni afadhali ulijue sasa kuliko uligundue siku wimbo umeanza kuingiza fedha.

Karatasi ikikuruhusu, rekodi wimbo upya na bendi yako, kwa sauti yako ya leo, kwenye ki mpya. Rekodi hiyo itakuwa yako. Uipitishe kwa msambazaji wa mtandaoni anayeeleweka, ukiwa umeandika vizuri majina ya watunzi, iingie Boomplay, Spotify, YouTube na kwingineko. Zile chaneli za watu usiowajua, piga picha za kurasa zao, weka tarehe, hifadhi, kisha malalamiko yapitie kwa huyo msambazaji au uyapeleke YouTube wewe mwenyewe ukiwa na karatasi zako mkononi. Usianze kutukanana nao kwenye maoni. Mirabaha ya redio na televisheni, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapopigwa, nayo ulizia. Januari 2022 COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii, wengi walilalamika kwamba fungu lao ni dogo, na kweli lilikuwa dogo. Ila ambaye wimbo wake haujasajiliwa hana hata pa kuanzia kulalamika.

Sasa yule mwalimu wa Singida. Umemtaja kwa mstari mmoja, na mimi naona ndiye aliyeshika nusu ya jambo hili. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba kiitikio yeye ndiye aliyekianza. Kiitikio ndicho ukumbi ulichokiimba. Jina lake liliandikwa popote? Alipata chochote kwenye ule mfuko wa rambo? Barua yako haisemi, na ukimya wa miaka mingi kati ya marafiki wa darasa moja unanipa wasiwasi. Kabla hujasajili chochote, kaa naye mkubaliane nani ana sehemu gani, mwandike, msaini wote wawili. Sheria inamtambua mtunzi mwenza. Ukimruka, siku wimbo utakapofufuka atakuwa na haki ya kusimama na kudai, na mtaishia mbele ya hakimu mkigombea kitu mlichokitunga mkicheka.

Nyumbani kwako. Mkwe wangu simwoni kama adui wa muziki. Alikuta vumbi la sherehe ambayo hakualikwa, na anaogopa kulifagia mara ya pili. Ukienda kwake na neno "niamini" hatasikia. Nenda na jambo analoweza kulishika: hati ya kile kiwanja iandikwe majina yenu wawili. Fanya hivyo hata kabla ya kutaja bendi. Kisha mwombe jioni mbili za mazoezi na Jumamosi zitakapopatikana, na kila fedha ya shoo aione. Naamini mwanamke aliyeona hati ina jina lake atakusikiliza kwa sikio jingine.

Na mtoto. Ulimsimulia wewe mwenyewe kuhusu wimbo wako, au ameusikia kwa wenzake wakimcheka? Kaa naye. Mwambie ulikuwa kijana, ulitunga wimbo na rafiki yako, watu wakaupenda, fedha ikaja ukaitumia vibaya, sasa unafanya kazi na unaanza tena kuimba. Mtoto wa darasa la tano analielewa hilo vizuri. Mchukue mazoezini, abebe nyaya. Akishaona baba yake anafanya kazi ile kwa bidii, maneno ya daladala atayajibu mwenyewe, na wewe ile kofia vaa kwa ajili ya jua tu.

Mpigie mwalimu leo jioni, kabla hujampigia mpiga gitaa na kabla hujamjibu yule meneja. Kama namba huna, waulize mliosoma nao. Usianze na habari za haki na mikataba. Mwombe radhi kwa ukimya, muulize habari za Singida na watoto, kisha mwambie kwamba ukumbi mzima Dar es Salaam umeimba kiitikio chake. Niandikie akishakujibu, tuone hiyo karatasi ya makubaliano tunaianzaje. Nisalimie mkwe wangu.

Shangazi